Arbuni ya mgeni: masharti ya kughairi yasiwe mtego

Sifa njema zote zinamstahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, katika Kisiwa cha Mafia upo mlango wa rizki ambao babu zetu hawakuujua kwa sura hii ya leo. Nyumba aliyoiacha marehemu baba pale Kilindoni, vyumba viwili vya uani, au banda lililojengwa karibu na ufuko wa Utende, hupangishwa kwa wageni kwa siku tatu au kwa wiki. Mgeni huja kumwona potwe, yule samaki mkubwa mpole anayeonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, au huja kuzamia katika Ghuba ya Chole ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Huipata nyumba kwa njia ya simu, kwa kuelekezwa na rafiki, au kupitia mitandao kama Airbnb na Booking.com. Ni kazi ya halali, na humpa mama wa nyumbani, kijana mwenye mashua na mpishi wa pweza fungu lao bila kuhama kisiwani.

Lakini ndani ya kazi hiyo lipo swali moja ambalo mwenye nyumba hulijibu siku ya kwanza, mara nyingine kwa kubonyeza kitufe tu, kisha akalisahau. Swali lenyewe ni hili: mgeni akishaweka nafasi kisha akaghairi, arejeshewe kiasi gani, na hadi lini? Watu huliona kuwa ni jambo la biashara tu. Sisi tunasema ni jambo la mkataba, na mkataba kwa Muislamu ni jambo la dini.

Hebu tutazame kwanza hali ilivyo. Katika mtandao wa Airbnb mwenyeji huchagua moja kati ya viwango kadhaa. Kipo kiwango cha ulaini, ambapo mgeni akighairi hata siku moja kabla ya kufika hurejeshewa fedha zake zote. Kipo cha wastani, ambacho humtaka aghairi siku 5 kabla. Na kipo kigumu zaidi, ambapo hurejeshewa zote akighairi siku 30 kabla, hurejeshewa nusu akighairi kati ya siku 30 na siku 7, na baada ya hapo hana chake. Kwa wale wanaopatana kwa simu na kutumiana fedha moja kwa moja hakuna kiwango kilichoandikwa na mtu, na hapo ndipo ugomvi unapoota mizizi. Mwenyeji husema fedha ikishaingia hairudi. Mgeni husema sikulala hata usiku mmoja, nilipie nini?

Wote wawili wana hoja, wala si haki kumsikiliza mmoja peke yake. Usiku uliopita bila mgeni haurudi tena. Haufanani na nazi ambayo isiponunuliwa leo itanunuliwa kesho. Na Mafia si mahali ambapo msafiri hupita njiani akaona kibao akaingia. Anayefika amepanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam au amevuka bahari kutoka Nyamisati, na safari yake aliipanga tangu zamani. Chumba kikiachwa wazi siku mbili kabla, ni taabu kumpata wa kukijaza. Lakini mgeni naye ni mwanadamu. Huuguliwa na mtoto, hufiwa na mzazi, hunyimwa ruhusa kazini. Fedha aliyoitanguliza huenda ni akiba ya mwaka mzima.

Uislamu haukuiacha sehemu hii tupu. Katika Suratul Maida, aya ya kwanza kabisa, Allah (S.W.) anawaamrisha walioamini watekeleze mikataba yao. Katika Suratun Nisaa aya ya 29 anatukataza kuliana mali kwa batili, isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Waislamu hufungwa na masharti waliyowekeana. Tukiyakusanya mafundisho hayo tunapata mambo mawili. Sharti likikubaliwa kwa hiari lina nguvu. Na kuridhia hakuwi kuridhia kwa kweli mpaka mtu ajue anaridhia nini.

Wapo watakaodhani kwamba fidia ya kughairi ni uzushi wa mitandao ya Marekani. Sivyo. Imamu Bukhari, katika mlango wa masharti wa Sahihi yake, ameweka habari kutoka kwa Ibn Sirin kuhusu mtu aliyepatana na mwenye wanyama wa safari. Alimwambia awaweke tayari, na kwamba kama hatasafiri naye siku fulani basi atamlipa dirhamu 100. Siku ilipofika hakutoka. Shauri likapelekwa kwa Kadhi Shuraih, naye akahukumu kwamba aliyejiwekea sharti kwa hiari yake bila kulazimishwa, sharti hilo linamfunga. Tazama, ndugu msomaji, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita msafiri alighairi, na mwenye chombo akalipwa kwa kuwa alikuwa amejiandaa. Lakini tazama pia kwamba kiasi kilitajwa kabla, siku ilitajwa kabla, na aliyelipa ndiye aliyelitamka sharti kwa kinywa chake.

Tuje sasa kwenye fedha ya kutanguliza, ambayo sisi watu wa pwani tunaiita arbuni, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu pamoja na hukumu zake. Maulamaa walihitilafiana juu yake. Jamhuri yao, wakiwemo wa madhehebu ya Imamu Shafi yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, waliukataa mkataba unaosema kwamba mnunuzi akighairi basi muuzaji anaikalia arbuni bure. Walitegemea hadithi ya katazo iliyomo katika Muwatta wa Imamu Malik. Imamu Ahmad bin Hanbal aliruhusu, kwa kuwa aliiona hadithi hiyo kuwa dhaifu, na kwa kuwa katika zama za Sayyidna Umar (r.a.) ilinunuliwa nyumba ya Safwan bin Umayya huko Makka kwa sharti kwamba Umar asiporidhia, Safwan atapata 400. Mwezi Juni 1993, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilipokutana Brunei liliafiki kwamba arbuni inajuzu iwapo muda wa kungoja umewekwa wazi, na kwamba mgeni akitimiza mkataba arbuni ihesabiwe kuwa ni sehemu ya bei. Baraza likasema kukodi kunafuata hukumu hiyo hiyo, kwa sababu kukodi ni kuuziana manufaa.

Hatukusudii hapa kutoa fatwa. Hiyo ni kazi ya mashekhe wetu, na mwenye shaka awaendee. Tunachotaka kionekane ni kwamba waliokataza na walioruhusu walikuwa wakichunga kitu kimoja. Waliokataza waliogopa mtu asile mali ya mwenzake bila kutoa chochote. Walioruhusu walisema huyu mwenye mali naye ametoa kitu: amefunga mlango wake kwa wateja wengine kwa muda uliojulikana, na kufunga huko kuna thamani. Basi mizani iko hapo. Fedha unayobaki nayo iwe ni badala ya hasara uliyoipata kweli kweli. Ikizidi hapo, inaanza kunuka batili.

Tuchukue mfano. Nyumba hupangishwa kwa shilingi 80,000 kwa usiku. Mgeni ameweka nafasi ya siku 5, jumla yake 400,000, akatanguliza nusu, yaani 200,000. Mwenyeji amemlipa mwenye mashua shilingi 30,000 ambazo hazirudi. Siku 10 kabla mgeni anaghairi. Mwenyeji akitangaza tena, akampata mgeni mwingine wa siku 4, hasara yake ni usiku mmoja na ile mashua, jumla 110,000. Zile 90,000 zilizobaki ni za nani? Akizishika kwa hoja kwamba sharti linasema hairudi, huyu ameuza siku zile zile mara mbili. Asipompata mgeni yeyote, hapo hasara yake imezidi hata ile arbuni, na akiizuia yote kwa mujibu wa sharti lililojulikana hajamdhulumu mtu. Ndiyo maana tunashauri sharti moja fupi liongezwe katika kila mapatano: tukimpata mgeni mwingine wa siku zako, tutakurejeshea za siku hizo. Sharti hilo halimgharimu mwenyeji kitu, nalo linamwondolea shubuha.

Sheria ya nchi nayo iko karibu na maana hii. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 74, inasema mkataba uliotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, mlalamikaji hupata fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kile kilichotajwa. Kuandika tarakimu kubwa katika karatasi hakuifanyi kuwa haki.

Iko hali nyingine ambayo si ya mtu kubadili nia, bali ni amri ya Mwenyezi Mungu. Mei 4, 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilifika Mafia kwa upepo na mvua, na huku nyuma safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesimamishwa. Mgeni aliyekuwa na nafasi siku ile alighairi au alizuiwa? Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyeuza matunda yakapatwa na janga asichukue kitu kwa nduguye, kwani atakuwa anachukua mali hiyo kwa haki ipi? Na Ibn Taymiyya akaipeleka hukumu hiyo hadi kwenye kukodi, pale manufaa yaliyokodiwa yanapozuiwa na janga. Nyumba isiyofikika kwa tufani ni kama tunda lililoanguka kabla ya kuvunwa. Rai yetu ni kwamba katika janga la namna hiyo mwenyeji arejeshe zote, au mgeni akiridhia, wahamishe siku. Asimfunge kwa saa 48 za kwenye karatasi ilhali bahari imechafuka.

Yaliyopita yametufunza pia kwamba sharti ulilochagua mtandaoni si ngome. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, Airbnb iliamua kuwarejeshea wageni fedha zao zote bila kujali kiwango alichochagua mwenyeji. Wenyeji duniani kote walilalamika, kwani wako waliokuwa wamekwishazihesabu fedha hizo kuwa ni zao. Baadaye kampuni ikatangaza kutenga dola milioni 250 za kuwalipa robo ya kile ambacho masharti yao yangewapa. Tangu Juni 6, 2024 mtandao huo una utaratibu unaosema kwamba janga kubwa likilifika eneo la nyumba, mgeni hurejeshewa hata kama mwenyeji alichagua kiwango kigumu. Lakini utaratibu huo hauhusu mgeni aliyeugua kwao au aliyefiwa. Hapo mtandao unanyamaza, na hapo ndipo ihsani ya mwenyeji inapopimwa, maana hakuna anayemzuia kurejesha zaidi ya alivyotakiwa.

Kuhusu ihsani hiyo, Abu Daud na Ibn Majah wamepokea bishara kubwa kutoka kwa Mtume (S.A.W.): anayemfungua Muislamu mwenzake na biashara aliyoijutia, Allah atamwondolea kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Wanavyuoni huliita jambo hili iqala. Wanavyuoni wa Kihanafi waliona hata mkataba wa kukodi huweza kuvunjwa kwa udhuru wa kweli. Wengine wakasema mkataba ni mkataba, ila kusameheana ni bora. Kwa njia zote mbili mwenye kusamehe hapotezi. Na asidhani mtu kwamba uadilifu ni kwa mgeni Muislamu tu. Mjerumani na Mtaliano anayefika Kilindoni akatendewa haki ameuona Uislamu kwa macho yake.

Sasa tugeuze kioo kimtazame mwenyeji mwenyewe. Katika Suratul Mutaffifin Allah (S.W.) anawatisha wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunja. Yuko mwenye nyumba anayemtoza mgeni kila senti akighairi, lakini msimu wa potwe ukichanganya na akatokea mgeni wa bei kubwa, humpigia yule wa kwanza simu akamwambia bomba limepasuka. Huo ni uongo, na ni kupunja mizani. Airbnb yenyewe humtoza mwenyeji anayeghairi asilimia 10 hadi 50 ya thamani ya nafasi, kwa kadiri siku zinavyokaribia. Ikiwa kampuni ya kidunia imeona kwamba sharti lazima lifunge pande mbili, vipi sisi tunaosoma Mutaffifin katika sala zetu? Anayemtaka mgeni afungwe kwa siku 30, naye ajifunge kwa siku 30. Akilazimika kughairi yeye, arejeshe zote na amsaidie mgeni kupata pengine pa kulala.

Wazee wa Mafia husimulia habari za Kua, ambao magofu yake yako Kisiwa cha Juani, na za Kisimani. Katika masimulizi hayo kila upande uliwaalika watu wa upande wa pili sherehe, na kila upande ukawasaliti wageni wake. Miji yote miwili leo ni mawe. Usahihi wa kila sehemu ya hadithi hiyo tunawaachia wanahistoria, lakini mafunzo yake watu wa kisiwani wanayajua tangu utoto: jina la mwenyeji likishachafuka, halisafishwi kwa chokaa.

Basi mwenyeji achague kiwango gani? Hatuoni kwamba ulaini wa kupindukia ni uchamungu, wala ugumu ni dhambi. Majira ya Mafia yenyewe yanaelekeza. Katika miezi ya potwe, pale mgeni mmoja akitoka mwingine anatafutwa mapema, ni haki kumtaka mgeni aamue siku 30 kabla, kisha nusu baada ya hapo, kwa kuwa nafasi aliyoizuia ilikuwa na watu. Katika kusi ya katikati ya mwaka, siku 5 hadi 14 zinatosha. Na wakati wa masika, Aprili na Mei, vyumba vikiwa tupu na usafiri ukiwa wa mashaka, ulaini ni haki na ni busara pia, kwa sababu aliyeghairi hakumzuia mtu yeyote kuingia. Tajiri mwenye vyumba 20 anaweza kubeba mgeni mmoja kughairi; mjane mwenye chumba kimoja hawezi. Kila mtu apime kwa uwezo wake, ila asipime kwa tamaa.

Liko jambo la mwisho nalo ndilo zito kuliko yote kwa familia zetu. Fedha ya mgeni ambaye hajafika si faida, ni amana iliyo juu ya dhima yako. Katika Airbnb mwenyeji hulipwa takriban siku moja baada ya mgeni kuingia, kwa hiyo mtihani huo ni mdogo. Lakini anayetumiwa kwa simu hupokea mapema, na fedha iliyo mfukoni ina haraka. Hununuliwa bati, hulipwa ada ya shule, hutolewa mahari ya kijana. Siku mgeni anapoghairi kwa haki yake, nyumba nzima inaingia deni, na baba aliyekuwa akiheshimiwa anaanza kuzima simu. Ahadi ni deni, na deni la mgeni halifi kwa kuwa yuko mbali. Mume na mke wakubaliane kwamba fedha ya kutanguliza inakaa pembeni, kwenye akaunti au laini yake peke yake, na haiguswi ila kwa matumizi ya mgeni huyo, mpaka siku yake ya kughairi ipite. Wakishindwa kurejesha yote kwa mkupuo, wamwombe muda kwa ukweli. Aya ya 280 ya Suratul Baqara imemhimiza mdai ampe nafasi mwenye dhiki, lakini haikumruhusu mdaiwa kujificha.

Na mapatano yaandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Ujumbe wa simu wenye mistari minne unatosha: bei yote, kiasi kilichotangulizwa, siku ya mwisho ya kughairi na kinachorejeshwa baada yake, na litakalofanyika tufani au serikali ikizuia safari. Uandikwe kwa lugha ambayo mgeni anaielewa, kabla hajatuma fedha. Ibaki pia namba ya simu ya kawaida ya kupatana. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ilichukua siku kadhaa kurejea. Katika hali kama hiyo mgeni anaweza kutaka kughairi ndani ya muda wake na ujumbe usifike. Si insafu kumhesabia siku ambazo hakuwa na njia ya kusema.

Tunawaomba maimamu wa misikiti ya Kilindoni, Kirongwe, Utende na Chole walitie jambo hili katika darsa zao, kama wanavyofundisha mizani ya sokoni. Kizazi chetu kinapima kwa siku na usiku badala ya kilo na vibaba, lakini Mwenye kuhesabu ni Yule Yule.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema apone kwa kumtia mgeni ugonjwa. Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie rizki za halali, atuepushe na kula amana, na atufanye katika wanaotimiza ahadi zao wanapoahidi. Amin. Wabillahi tawfiq.